Moto wa Nyumba Kumi na Moja

Jumatatu, 10 Septemba

Nimesugua chungu tangu asubuhi. Majivu, muchanga, maji kidogo. Kiuno kinauma. Ndani lazima ing'are mbele ya Jumamosi. Inje inabaki nyeusi, hiyo ni heshima yake.

Jumamosi mutoto wangu Kambale anatoa ufunguo wa nyumba ya kwanza ku Kanyaruchinya. Ziko kumi na mbili. Mawe meusi ya volkano, simenti, manjanja mapya ya paa yenye kuwaka mu jua mpaka unafunga macho. Nyumba za kudumu, si mbao kama hii yangu ya Mabanga. Mutoto wangu njo PDG. Ni kusema mukubwa wa kampuni yote. Siandiki juu ya kujisifu. Naandika juu ni kweli. Ku milango ya gari ya kampuni wameandika KATUNGU UJENZI. Katungu ni mimi. Jina langu linatembea mu Goma kila siku, linapita mbele ya wale wenye walisema kama mujane muuza makala ya kupikia hawezi kulea mutu.

Kambale alianza na mbao. Kisha volkano kuunguza muji, kila mutu alikuwa anahamisha nyumba. Unabomoa, unabeba, unaenda kuisimamisha pengine. Kambale alikuwa anaandika numero ku kila ubao na kipande cha makala yangu, zisichanganyike. Nyumba inabomolewa asubuhi, mbele ya giza watu wako ndani, dirisha pahali pake. Numero zingine ziko mpaka leo ku ukuta wangu. Karibu na kitanda: 17. Vumbi napangusaka. Numero siguse.

Jumamosi, 15 Septemba

Nimechoka. Niko na furaha. Moto umewaka.

Niandike vizuri juu siku moja wajukuu watasoma. Kwetu Lubero mama yangu njo alikuwa anawasha moto wa kwanza mu nyumba mupya. Anapika maharagi. Mwenye nyumba anakula wa kwanza, na watu wake. Mwenye amekula chungu ya kwanza, nyumba ni yake, hakuna wa kumufukuza. Basi. Wakati Kambale alimaliza nyumba yake ya kwanza ya mawe, nilienda na chungu bila kuitwa. Akasikia haya. "Mama, hapa ni shantie, pahali pa ujenzi, si harusi." Yule kliyenti akakula, akalamba kijiko, machozi ikamutoka. Tangu siku ile kila kliyenti anauliza kama Mama atakuja lini na maharagi. Kampuni zingine ziko na mainjinieri wenye walisoma Ulaya. Ya mutoto wangu iko na mimi.

Leo ilikuwa mwalimu mumoja na bibi yake wa ndoa. Papa Muhindo naye alikuwepo. Ni yule mufanyabiashara mwenye anatuma malori Butembo. Nyumba kumi na moja zenye zimebakia, sita ni zake: moja ya mama yake, tano za watoto wake wenye wameoa. Nikasimama mbele ya watu wote, nikasema na sauti: "Mwenye amekula chungu ya kwanza, hata serikali haimutoshe, haimufukuze!" Makofi. Papa Muhindo akaniuliza kama za kwake sita nitapika na chungu sita. Nikamujibu: "Leta tu maharagi, Papa. Tumbo iko, tunaiona." Walicheka mpaka basi. Kambale naye alicheka, kile kicheko chake cha kufunika meno.

Mu gari akaacha kucheka. Akaniambia kama zile sita njo zinabeba kampuni. Papa Muhindo akiingia mbele ya Noeli, kazi ingine inafunguka. "Asipoingia, Mama, tumeanguka." Nikamwambia asiongee vile siku ya moto.

Jumapili, 23 Septemba

Padri amehubiri mufupi. Vita tena kule juu. Malori ya kambi ya jeshi ya Katindo yamepanda tangu asubuhi, na watu wanashuka. Barabara yao njo ile inapita mbele ya nyumba zetu. Matela ya kulalia ku kichwa, mbuzi, kuku mu kikapu. Nimeona muzee amelazwa ku chukudu, ile baisikeli ya mbao ya kubeba mizigo, kama mufuko wa viazi, anashika kofia yake isianguke.

Kambale hakukula. Anasema masoni, mafundi wa mawe, wanajenga na sikio moja, ingine iko ku vita.

Jumanne, 25 Septemba

Naandika upesi, furaha isipoe.

Nilipelekea masoni chakula, na chungu yangu kubwa. Mvua ikatukuta kule. Mvua ya Kanyaruchinya haichezi, ni baridi, inatoka ku volkano moja kwa moja. Kambale alikuwa mujini. Pembeni ya barabara, chini ya kipande cha shitingi ya plastiki, nikaona Mama Uwimana. Huyu njo ananiuzia shu, kabichi za Kibumba, miaka yote, na kila mara ananiongezea moja. Alikuwa na binti yake Solange. Solange alikuwa na mutoto wa siku nne mu kitambaa, kichwa chake kimelowana, kidogo kama ngumi.

"Mama Katungu, ni weye?" Nikasikia haya, sawa vile ni mimi nilileta mvua.

Nyumba ziko hatua ishirini. Manjanja iko juu, milango bado. Nani ataacha mutoto wa siku nne mu mvua mbele ya nyumba tupu ya mutoto wake? Nikasema: "Mutoto wangu njo PDG. Hii yote ni kazi yake. Ingieni." Nikasema na sauti. Wengine wakasikia, wakaingia nao. Papa Silas, mukubwa wa masoni, akanivuta mukono: "Mama, tungoje muboss." Nikamwambia muboss alitoka mu tumbo hii.

Nikawasha moto mu nyumba numero nne. Nikapika maharagi yote ya masoni. Solange alikula wa kwanza, mi mwenyewe nikamutilia mu mukono. Kisha wanamama wakakuja na vipande vya debe, wakachota makala ya moto wangu, kila mumoja akapeleka pahali alikuwa amewekea watoto. Saa kumi moshi ulikuwa unatoka mu nyumba zote kumi na moja. Masoni walikula pamoja nao. Sijaona kitu kizuri vile tangu nilizaa.

Nimerudi nyumbani kama malkia.

Jumatano, 26 Septemba

Kambale alikuja. Hakusalimia. Akakaa ku kiti cha chini, viatu vyake viko na matope, akaangalia ukuta.

"Mama, umewasha moto mu nyumba za watu."

Nikacheka. Nikasema mvua itaisha, wataenda. Hakucheka. Akanikumbusha maneno yangu mwenyewe, ya ile Jumamosi, moja moja, mpaka ile ya serikali. Akasema ni mimi nilifundisha Goma yote kama mwenye amekula chungu ya kwanza hatoki. Nilifundisha hata kliyenti wake.

Nikamutilia chai.

Alipoenda niliona hakugusa chai.

Ijumaa, 28 Septemba

Papa Muhindo amekuja kwangu. Alitoa kofia ku mulango. Kama angekuja na hasira ningemuweza, mi najua kutukana. Alikuja muzuri.

Akasema: "Mama Katungu, siko mubaya. Watu wanateseka, naona. Lakini moto umekwisha kuwashwa. Mama yangu ni muzee. Siwezi kumulaza mu nyumba yenye imekula na wengine."

Nikamwambia zile zilikuwa maharagi tu. Nikasema kama ile desturi ni mambo ya wazee, haina nguvu, tutapika ingine mupya, nitasugua hata ukuta. Nilisema hivyo. Nilimukana mama yangu mu kaburi yake, kwa mudomo wangu, juu ya nyumba sita.

Aliniangalia na huruma. Akasema angenikubali kama hakunisikia siku ile. Akavaa kofia.

Niko mubaya. Niko mujinga. Naandika hapa nisome tena.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nilipanda Kanyaruchinya kuwatosha mu nyumba. Nilijipanga njia yote, maneno makali. Nilivaa kitenge cha heshima.

Mama Uwimana akanipatia kiti. Kiti kimoja tu, alikitosha chini ya muzee mumoja mwenye alikuwa amekikalia. Akaniletea sahani: viazi viwili na chumvi. Watoto wake wakaniangalia ninakula. Nikakula. Kisha nikasema wanapashwa kutoka. Nilisema polepole sana.

Hakukasirika. "Tutaenda wapi, Mama? Weye njo ulisema kama mwenye amekula chungu yako hafukuzwe." Akaita wengine wakuje kusikia. Nikaona nyuso kama mia. Wote wananijua jina. Mutoto wa Solange wamemuita Katungu.

Nilirudi na miguu mpaka ku rond-point, pale magari yanazunguka. Sikutaka gari yenye jina langu inibebe.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mukubwa mumoja wa jeshi alimwambia Kambale kama anaweza kutuma vijana, saa moja tu, nyumba zote zinakuwa tupu. Kambale alikataa. Silas njo ameniambia, Kambale mwenyewe hakusema. Silas anasema masoni nao walikataa kugusa mutu. Walikula ile siku.

Nilimuuliza Kambale kwa nini. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. "Jina lako iko ku mulango ya gari, Mama. Nifukuze watu na ile gari?"

Niliingia mu chumba nikalia. Nilikuwa na majivuno na nilikuwa nimekufa, vyote pamoja. Nimelea mutu. Na nimemuangusha.

Ijumaa, 19 Oktoba

Kliyenti wengine watano wamefuata Papa Muhindo. Wa mwisho hakukuja hata, alituma mukwe wake.

Gari imeenda juu ya deni. Mwenye ameichukua amepaka rangi nyeupe ku milango. Leo imepita avenyi yetu. Jua likipiga pembeni, herufi zinaonekana chini ya rangi. KATU. Ingine haionekane.

Ku soko mama mumoja wa samaki akaniita, "Aa, mama wa PDG, leo unatembea na miguu kama sisi?" Nikamwambia miguu yangu ilikuwa ya muzuri tangu zamani, hata marehemu bwana yangu alisemaka. Walicheka. Nilitembea haraka mpaka kona.

Jumatano, 31 Oktoba

Biro ya kampuni imefungwa. Silas na Kambale tu njo wamebakia.

Kambale anapanda kila siku Kanyaruchinya. Na miguu. Anawekea wale watu milango. Nani anamulipa? Hakuna. Nilimuuliza nyumba ya nani anamaliza. Akasema: "Nilisema nitamaliza."

Amekonda. Suruali ya PDG anaifunga na kamba.

Simuombee Mungu utajiri tena. Namuomba tu mutoto akule.

Jumapili, 18 Novemba

Misa haikuisha. Mabomu.

Kanyaruchinya yote imeshuka. Yote. Kambi ya wakimbizi, njia, nyumba zetu. Barabara haionekane, ni vichwa tu. Nilisimama ku mulango tangu saa tatu nikitafuta shati ya Kambale.

Nikaona Mama Uwimana. Solange nyuma yake, Katungu mudogo mu mugongo. Hawakuwa na kitu mu mikono, walikimbia moto uko bado unawaka chini ya viazi. Nikawauliza Kambale iko wapi. Wakasema alibaki kufunga madirisha.

Kufunga madirisha!

Wanaenda upande wa Mugunga. Nikaingia ndani, nikatoka na chungu yangu. Chungu ya mama yangu. Nikamutwika Mama Uwimana ku kichwa. Akataka kukataa. Nikamwambia atembee.

Kisha nikabaki nafikiri. Mutoto wangu amepoteza kila kitu juu ya wale watu wasitoke mu zile nyumba. Wametoka mu saa moja. Hakuna mutu amewafukuza kwa jina. Nyumba kumi na moja, leo si za mutu.

Jumatatu, 19 Novemba

Chini ya kitanda. Mabomu. Kambale hayuko. Nashika ubao 17 na mukono.

Alhamisi, 22 Novemba

Amerudi. Mungu iko.

Mu muji kumenyamaza, umekamatwa, askari wa wakubwa wengine wanapita. Sijali ni wa nani. Amerudi. Goti imechubuka, midomo imepasuka. Alilala siku nne mu shimo ya choo yenye hawakuwa wamemaliza kuchimba. Alikunywa maji ya mvua.

Nilimuogesha kama mutoto. Hakukataa. Miaka makumi tatu na tano, na hakukataa.

Akaniambia kidogo kidogo. Askari wa kwanza walilala mu nyumba, wakachoma milango yake kwa kupika. Wa pili wakakuja. Kisha watu wakatosha manjanja, hata misumari. Numero nne imeangukiwa na bomu. Mawe njo yamebakia yamesimama. "Mawe yamejengwa muzuri," akasema. Mara mbili.

Jumamosi, 1 Desemba

Silas amekuja na neno ya simenti. Ile simenti ya Kanyaruchinya, Kambale aliichukua kwa deni na akatoa parseli hii ya Mabanga, kiwanja chetu, kama dhamana. Mi sikujua. Aliogopa kuniambia, na mi nilikuwa naimba tu PDG, PDG. Angeniambia wakati gani?

Mwenye kudai anataka parseli. Ku karatasi ni udongo tu. Nyumba ya mbao haikuandikwa. Mbao ni zetu, tunaweza kuzibeba.

Silas ametupatia kona nyuma ya nyumba yake ku Majengo. Mawe matupu ya volkano, lakini kona.

Kambale alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Mama, kuko makala?"

Jumamosi, 8 Desemba

Tumebomoa. Tangu asubuhi Kambale anaandika numero ku mbao. Yeye na Silas. Hakuna plani, hakuna kofia ya shantie. Makala tu mu vidole.

Majirani walisimama kuangalia. Mumoja akasema, "PDG amerudi ku mbao." Sikumujibu. Ilikuwa mara ya kwanza mutu anasema neno juu ya Kambale na mi sikumujibu.

Kwa ubao 17 alisimama. Hakuandika mupya. Numero ya zamani ilikuwa bado inasomeka.

Chukudu tatu. Nyumba yangu yote.

Jumapili, 9 Desemba

Nyumba imesimama. Dirisha pahali pake. Kitanda changu kiko karibu na 17 kama zamani. Kuko ubao moja unakosa, upepo unaingia pale. Nimeweka kitenge.

Kambale alileta mawe matatu akayapanga. Akaniambia, "Mama, washa." Nikasema mi siwashi tena moto mu nyumba ya mutu. Na chungu iko Mugunga. Hakubishana. Akaazima sufuria kwa bibi ya Silas, akawasha yeye mwenyewe. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi mingi. Alipika maharagi, hayakuiva vizuri, chumvi ilizidi. Nilimwangalia anakoroga. Anakoroga kama mi, na mukono wa kushoto.

Akanitilia sahani. Nikamwambia aanze yeye. Akakataa. "Weye njo mwenye nyumba." Nikakula. Akaniangalia mpaka nikameza. Nikasukuma sufuria kwake. Akasema ameshiba, alikula ku njia. Hakuna pahali alikula ku njia, tulikuwa pamoja siku yote.

Njo nilijua. Hakuonja chungu ya kwanza ya hii nyumba hata na ncha ya kidole. Mufuko wake uko ku mulango, umefungwa. Silas anasema kuko lori kesho, linaenda mpaka Kampala, kule wanatafuta masoni.

Sikumuuliza. Nimekunja shati yake nyeupe, ile alikuwa anavaa siku ya kutoa funguo. Nimeiweka juu ya mufuko.

Maharagi yake nimeyatia mu sahani, nimeyafunika.